Mashine Yako ya Santuri Haina Makosa, Ni Wewe Uliifungua

Leo nataka tugombane kidogo.

Kila mara naletewa ujumbe wa aina moja. "Buda, mashine yangu ya santuri imeanza kunguruma." "Msee, spika ya kushoto imekufa." "Sauti imekuwa nyembamba kama ya redio ya simu." Mimi huuliza swali moja tu: mara ya mwisho ikicheza fiti ilikuwa lini? Jibu halibadiliki: "Kabla niifungue." Nikiuliza alibadilisha nini, orodha inaanza. Waya mpya. Katriji mpya. Plagi mpya. Uzito mpya kwa mkono. Vyote jioni moja, mbele ya video moja. Halafu anamalizia na ile sentensi yao: "Lakini mimi nadhani shida ni amplifaya."

Si amplifaya.

Les Wanyika walikuwa na wimbo unaitwa Sina Makosa, na naona watu wa kuchokora mashine wameufanya wimbo wa taifa. Hakuna mtu mwenye makosa. Makosa ni ya amplifaya, ya stima, ya fundi, ya aliyekuuzia. Kumbe mashine ilikuwa inacheza poa Ijumaa, ukaifungua Jumamosi, Jumapili imenyamaza. Hapo unahitaji mpelelezi kweli?

Msimamo wangu ni huu, na sirudi nyuma: kitu ulichogusa mwisho ndicho mshukiwa wa kwanza. Na kama huwezi kuirudisha mashine ilivyokuwa, hukuiboresha. Umeibadilisha tu, na hujui umeibadilisha kuwa nini.

Kabla useme "ni mashine yangu, nilinunua na doh yangu," ngoja. Mashine ni yako, sawa. Hebu tuongee kuhusu kile unachoweka juu yake.

Nairobi ilikuwa jiji la santuri. Miaka ya 1970, River Road na mitaa ya karibu ilikuwa na maduka na lebo ndogo ndogo zilizotoa santuri za 45. Benga ya D.O. Misiani na Shirati Jazz. Nyimbo za Joseph Kamaru kwa Kikuyu. Bendi za wanamuziki waliotoka Tanzania na Kongo kuja kurekodi hapa. Nyingi ya santuri hizo zilitolewa mara moja, zikauzwa, zikaisha. Kuna ambazo hazijawahi kutolewa tena, na hazipo kwa simu yako hata utafute aje. Kamaru alifariki 2018, na ni mjukuu wake, yule msanii anaitwa KMRU, aliyechukua kazi ya kuzitoa nyimbo za babu yake upya ili watu wazisikie. Si kila msanii aliacha mjukuu wa aina hiyo. Kwa wengine, kilichobaki ni santuri chache kwa sanduku la guka wa mtu, au kwa kibanda pale Kenyatta Market.

Sasa elewa vile inafanya kazi. Ncha ya sindano ni almasi. Santuri ni plastiki. Almasi inapita ndani ya mtaro mwembamba kuliko unywele, na kuta za huo mtaro ndizo muziki wenyewe. Ukipita na uzito mbaya, ukuta unalika. Plastiki haina kidonda cha kupona. Ukiikwangua leo, kila mtu atakayeicheza kesho atasikia mkwaruzo wako, hata akiwa na mashine ya bei ya gari.

Kwa hivyo hii si stori ya vifaa. Ni stori ya nani ana haki ya kujifunzia juu ya kitu ambacho hakina kingine.

Wacha tuanze na dhambi maarufu kuliko zote: sarafu juu ya kichwa cha mkono. Santuri inaruka, msee anachukua shilingi na selotepu, anabandika, inaacha kuruka, anafurahi. Katriji kama Ortofon 2M Red imetengenezwa kubeba gramu 1.8. Audio-Technica VM95E ni gramu 2. Sarafu inaongeza gramu kadhaa juu ya hapo. Yaani umefanya zaidi ya mara mbili ya uzito uliopangwa, halafu unajiita umerekebisha. Haujarekebisha. Umelazimisha sindano ilime. Na kabla useme basi nitaweka uzito mdogo kabisa ili nilinde santuri, hapana, hiyo pia ni mbaya. Sindano nyepesi sana inadunda ndani ya mtaro na kugonga kuta. Uzito sahihi umeandikwa kwa karatasi ya katriji. Mizani ndogo ya kidijitali ya kupima hadi sehemu ya mia ya gramu si kitu cha matajiri. Ile namba iliyochorwa kwa uzito wa nyuma haisaidii kama hukuanza kwa kusawazisha mkono hadi uelee kwa sifuri. Na ukibadilisha katriji au kichwa, unaanza upya. Kila saa.

Dhambi ya pili: mngurumo. Umebadilisha nyaya, ukawasha, ukasikia "mmmmmm" ya stima. Stima yetu ni mizunguko 50 kwa sekunde, na hiyo sauti nzito unayosikia ndiyo hiyo. Jaribu hivi: ongeza sauti kidogo, gusa chuma cha mkono na kidole. Mngurumo ukibadilika ukigusa, waya wa ardhini umekatika au haujafungwa. Huo ni uzi mwembamba ambao watu wanauona kama takataka na kuukata. Si takataka.

Halafu kuna wale wa Technics SL-1200. Hiyo mashine ilitoka Japani mwaka 1972, toleo la MK2 likaja 1979, ikasimamishwa 2010, ikarudi 2016. Imewalea madijei wa dunia nzima. Kuna marekebisho yanapendwa sana ambapo unaunganisha ardhi ndani, kwa zile plagi za RCA, ili usibebe waya wa nje. Ni marekebisho mazuri. Lakini msee anafanya hivyo, halafu bado anavuta waya mwingine wa ardhini hadi kwa mixer, kwa sababu aliona kwa video nyingine. Sasa ardhi ina njia mbili, imekuwa duara, na duara linanguruma. Video mbili, kila moja iko sawa peke yake, zimeungana kukuharibia. Chagua moja.

Na tukiwa hapo kwa Technics: ukiinua ile sinia inayozunguka halafu uwashe, mota haizunguki, usikimbie mtandaoni kulia kwamba imekufa. Sumaku ya mota iko chini ya sinia yenyewe. Ukiitoa sinia umetoa nusu ya mota. Na chini ya kile kifuniko kuna transfoma yenye volti 240 za ukutani. Chomoa plagi kwanza. Hii sisemi kwa utani. Ukichoma katriji utanunua nyingine, wewe hatuuziwi mwingine.

Dhambi ya tatu: priampu. Hii ndiyo inanichosha kabisa. Katriji ya kawaida ya sumaku inatoa umeme mdogo sana, karibu milivolti 5. Amplifaya yako kwa tundu la kawaida inataka mamia ya milivolti. Zaidi ya hapo, tangu miaka ya 1950 santuri zinakatwa na besi iliyopunguzwa na sauti kali iliyoongezwa, ili mtaro usiwe mpana na kelele za plastiki zisisikike. Kazi ya priampu ni mbili: kuongeza nguvu, na kurudisha besi mahali pake. Mashine nyingi za siku hizi zina priampu ndani. Kuna watu wa Audio-Technica LP120 wanaifungua na kuiruka hiyo priampu, wakisema sauti inakuwa safi zaidi. Sawa. Ni haki yako. Lakini ukishairuka, ile swichi ya nyuma haina kazi tena, na USB kwa kawaida nayo inanyamaza. Lazima uwe na priampu ya nje au tundu lililoandikwa PHONO. Ukichomeka kwa AUX utapata sauti ndogo, nyembamba, bila besi. Hiyo si katriji mbovu. Ni wewe umetoa figo halafu unashangaa mgonjwa hakojoi. Na kinyume chake: ukiacha priampu ya ndani ifanye kazi, halafu uchomeke kwa PHONO, sauti inapita priampu mbili na inatoka imepasuka. Watu wametupa sindano nzima kwa sababu ya swichi moja.

Dhambi ya nne ni ya waliopata mashine kutoka kwa shangazi Marekani. Kule stima ni volti 120 na mizunguko 60. Hapa ni 240 na 50. Kila mtu anajua habari ya volti, kwa hivyo ananunua transfoma ya kushusha, na mashine inawaka. Kisha muziki unatambaa. Anabadilisha mkanda. Unatambaa. Anapaka mota mafuta. Unatambaa. Buda, transfoma inashusha volti tu, mizunguko haiigusi. Kama mota yako ni ile ya zamani inayofuata mizunguko ya stima, mzunguko wa 33⅓ unashuka hadi karibu 28 kwa dakika. Wimbo wa dakika 3 unakuwa dakika 3 na sekunde 36, na mwimbaji anasikika kama amelala. Suluhisho ni puli ya saizi ya mizunguko 50, kama ilitengenezwa kwa hiyo mashine, au kifaa cha umeme cha kuendesha mota kwa mizunguko yake. Mikanda minne imenunuliwa bure kwa sababu hakuna aliyesoma kibandiko cha nyuma.

Dhambi ya tano: upande mmoja umekufa. Hapa ndipo utajua nani anafikiria na nani anakisia. Hauhitaji kununua chochote. Zima amplifaya, badilisha zile plagi mbili za RCA, ya kushoto iende kulia na ya kulia iende kushoto. Washa. Kama spika iliyokufa imehamia upande mwingine, shida iko kwa mashine. Kama spika ni ile ile, shida iko kwa amplifaya au spika, na hapo tu ndipo utaniambia habari ya amplifaya. Dakika moja. Kama ni mashine, rudia mchezo huo huo mbele, kwa nyaya nne ndogo nyuma ya katriji. Nyeupe ni kushoto, bluu ni ardhi ya kushoto, nyekundu ni kulia, kijani ni ardhi ya kulia. Badilisha jozi kwa jozi. Shida ikihama, ni katriji. Isipohama spika, tuhuma ziende kwa nyaya zinazofuata. Unakata njia nusu kwa nusu hadi mwizi abaki peke yake chumbani.

Na kama baada ya kazi yako spika zote zinalia lakini besi imepotea na mwimbaji hakai katikati, angalia kama umegeuza jozi moja, nyeupe mahali pa bluu au nyekundu mahali pa kijani. Spika moja inasukuma wakati nyingine inavuta, besi zinauana. Watu wananunua subwoofer kutibu hiyo.

Kitu kimoja nawaomba kwa magoti: msipige solda moja kwa moja kwa pini za katriji. Waya wa ndani ni mwembamba mno, joto linaufikia haraka. Kuna klipu ndogo za kazi hiyo. Piga solda kwa klipu ikiwa mbali, ipoe, kisha uivalishe.

Sasa najua mnataka kuniambia nini.

Kuna kambi ya wazee wa "usiguse". Wanasema vifaa vya zamani viachwe hivyo, peleka kwa fundi, kijana atajua nini. Mimi siko na hao. Fundi wa leo pale Luthuli Avenue alikuwa kijana wa kuchokora redio ya babake jana. Hii nchi inaendeshwa na watu wa jua kali waliofungua kitu bila ruhusa. Tukiogopa bisibisi, hizi mashine zitakufa zote na sisi tutabaki kununua plastiki mpya inayokaa retro. Fungueni. Nasema tena, fungueni.

Lakini muwe kama fundi wa kweli. Fundi mzuri hakubali kuguswa mkono kabla ajue mgonjwa alikuwa na hali gani. Anauliza, anapima, anaandika. Kanjanja anaanza kubadilisha vipuri hadi pesa zako ziishe, na ukimuuliza kilichokuwa kibaya ni nini, hajui. Wewe uliyebadilisha vitu vitano jioni moja ni kanjanja wa mashine yako mwenyewe. Hata ikipona, hujui ni nini kimeiponya. Ikiharibika tena utaanza tena kukisia.

Kambi ya pili ni sisi, watu wa video. Tuseme ukweli. Tunawaonyesha mashine chafu, tunakata, tunawaonyesha mashine inang'aa na muziki unapiga. Ile saa tatu ya katikati, ya mngurumo na matusi na kutafuta waya uliokatika, tunaitupa kwa sababu haina watazamaji. Ndiyo maana mtu anadhani kuboresha ni kununua kifurushi na kubandika. Mwenye video asiyeonyesha vile alipima kabla na baada, usimfuate. Anauza vipuri.

Kambi ya tatu inasema haina doh ya vifaa. Hii naiheshimu, lakini haishiki. Multimita ya bei ya chini kabisa inatosha kujua waya umekatika au la. Toa kichwa, weka ncha moja kwa pini ya mbele, nyingine kwa RCA ya nyuma, isikie ikilia. Pini nne, njia nne. Kisha hakikisha katikati ya RCA haijagusana na ganda lake. Kalamu na karatasi ni bure. Simu unayo, piga picha ya kila waya kabla uutoe. Ile doh uliyotumia kununua katriji usiyoihitaji ingelipa hivi vyote.

Kwa hivyo sheria ni hizi, na ukizivunja usinitafute.

Kabla ufungue, icheze ikiwa nzima na uandike vile inasikika, uzito, mwendo, mngurumo. Badilisha kitu kimoja. Icheze tena. Ikiwa sawa, nenda kwa cha pili. Ikiwa mbaya, rudisha kile kimoja, uone kama ubaya unaondoka. Vipuri vya zamani weka kwa bahasha yenye jina, usitupe hata skrubu. Kata waya pale tu ambapo unajua vile utaunganisha.

Na ya mwisho ndiyo kubwa. Usijaribu mashine uliyoitoa kufungua na santuri ya benga ya guka. Nunua santuri mbovu ya kwaya ya Krismasi ya ng'ambo, zile zimejaa na hakuna anayezitaka, ndiyo iwe mgonjwa wako wa majaribio. Ikicheza mara tatu bila kuruka, bila mngurumo, pande zote mbili, uzito umepimwa, hapo ndipo utoe ile 45 kwa bahasha yake.

Mashine ikiharibika kuna nyingine sokoni. Ile 45 pengine ndiyo ya mwisho, na aliyeimba hayuko tena kurudia.

Kama hukubaliani na mimi, karibu tugombane. Lakini kuja na multimita.